Sauti ya Balozi

Katibu alimwita mama yake tena asubuhi ile, na mashine ikamjibu.

Twilumba Chengula hakusikia kitu. Tembo wakiitana kwa mbali hutumia sauti nzito mno kwa sikio la binadamu, nayo ilimfikia kupitia nyayo tu, mtetemo hafifu kama wa lori linalopita barabara ya mbali. Lakini kwenye kishikwambi alichokipakata maneno yalijiandika kwa rangi ya kijani: *Balozi. Balozi, uko wapi?* Kabla hajavuta pumzi, chini yake yakajitokeza mengine kwa bluu: *Nipo hapa.*

Balozi alikuwa amekufa tangu masika.

Katibu alisimama penye Kinywa cha Tatu, bomba nene la chuma lililofukiwa wima pembezoni mwa mashamba ya Ikombe, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa wavu. Aliposikia jibu aliweka ncha ya mkonga juu ya wavu na kuiacha hapo. Udongo kuzunguka bomba ulikuwa umechimbuliwa kwa pembe mpaka saruji ikaonekana. Nyuma ya mguu wake alisimama ndama, ngozi imemlegea mgongoni kama koti la kaka mkubwa. Wengine wa kundi walikuwa wametawanyika kwenye vichaka visivyo na majani, wakivunja magome ya miti ambayo walishayavunja wiki iliyopita.

Festo Kihwele, askari wa wanyamapori wa kijiji, alikuwa ameketi juu ya boneti ya gari akimenya muwa. Ndiye aliyewapa tembo hawa majina. Yule jike mkubwa alimwita Balozi kwa sababu alitangulia kila mahali na nyumba kumi zikamfuata. Binti yake akawa Katibu. Ndama wa Katibu, aliyezaliwa baadaye, akawa Mjumbe. Kihwele alisema kwamba kama ni lazima mtu akuibie mahindi, heri awe na cheo.

"Ndama hakunyonya jana," alisema sasa, bila kuangalia juu. "Alijaribu, akaacha."

Twilumba alijua. Alikuwa amemwona akisukuma ziwa la mama yake kwa kichwa, akingoja, akisukuma tena. Kisha akalala chini mahali pale pale, na Katibu akasimama juu yake ili amtilie kivuli, huku mkonga ukiwa bado kwenye bomba.

*

Ilianza kwa nia njema, na Twilumba mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

Wakati huo alikuwa mgeni Ikombe, ametoka chuoni moja kwa moja, bado akiandika ujumbe kwa wenzake kuwaeleza jinsi kazi ilivyo nzuri. Mradi ulikuwa na sehemu mbili. Sikio lilikuwa waya mrefu uliofukiwa kuzunguka bonde zima, uliosikiliza ardhi. Vinywa vilikuwa mabomba yanayosema. Watu wa mjini walipenda kusema kwamba Sikio linatafsiri lugha ya tembo, lakini halikufanya hivyo. Lilikisia tu. Tembo mmoja akitoa sauti, Sikio liliangalia ni nani kati ya wote aliyeinua kichwa. Akiinua yule yule mara nyingi, basi sauti ile ni jina lake. Kundi likiondoka baada ya sauti fulani, basi sauti ile ni *twende*. Kwa njia hiyo, baada ya miaka, watu waligundua kwamba tembo wana majina, kwamba mama humwita mwanawe kwa jina hata akiwa hamwoni, na kwamba mwana huitika.

Balozi alianguka kwenye chanzo cha maji cha kijiji, pale bomba la kwenda kwenye nyumba linapoanzia. Alikuwa mzee, na meno yake ya mwisho yalikuwa yamekwisha. Kundi lilikuwa ng'ambo ya mlima siku hiyo. Maji hayangeweza kungoja. Trekta lilimvuta kabla jua halijawa kali, wakamfukia kwenye shimo lililochimbwa upande wa barabara. Pembe zikaenda kwenye ghala la serikali kama sheria inavyotaka. Taya la chini lililetwa kambini, kwa kuwa watafiti husoma umri wa tembo kwenye meno, likawekwa chini ya bati nyuma ya ofisi.

Kundi liliporudi halikumkuta. Lilimtafuta, na kumtafuta kukalileta mpaka kwenye vinyungu, bustani za bondeni zinazolimwa penye unyevu, wakati kinamama walikuwa humo wakipalilia maharage.

Ni humo humo kwenye vinyungu ambamo Melania, dada yake Kihwele, aliuawa na tembo kabla ya Vinywa kufukiwa. Siku hiyo kundi lilipoingia humo, Kihwele alisimama nyuma ya kiti cha Twilumba ofisini na hakupaza sauti.

"Waite," alisema. "Kwa sauti ya mama yao. Unayo humo."

Twilumba alimwambia kwamba mama yao amekufa na wao hawajui.

"Msiba hauambiwi kwenye simu, mdogo wangu. Mtu anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Anaambiwa ukweli akishafika. Na hawa wataambiwa. Leo watoe kule kwa akina mama."

Akabonyeza. Chini ya ardhi, upande wa pili wa bonde, Balozi akasema *nipo hapa*, na tembo wote wakainua vichwa mara moja na kugeuka. Walikimbia. Twilumba hakuwahi kuona tembo wakikimbia kwa furaha, na kwa muda mfupi alidhani ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Kinamama walipiga vigelegele. Mmoja wao alileta kuku kambini.

Baada ya hapo mashine iliwekwa ijibu yenyewe.

*

Kiangazi kilipofika ndipo walipoanza kuelewa walichokifanya.

Kila mwaka majani yalipokauka, Balozi aliliongoza kundi kupanda mlima na kushuka upande wa pili, kwenye mto wa mchanga wa Luhombe, ambako tembo huchimba kwa mikonga na kupata maji hata mto ukiwa mkavu. Mwaka huu hakuna aliyeondoka. Katibu alikuwa na umri wa kuongoza, na njia aliipita mara nyingi nyuma ya mama yake. Lakini mama yake alikuwa akimwambia kila asubuhi kwamba yupo hapa, na tembo haondoki na kuongoza kundi wakati mama yake bado anaitika.

Twilumba alijaribu kurekebisha. Walileta maji kwa trekta mara mbili. Tembo wakanywa, lakini hakukuwa na majani ya kula, na kijiji chenyewe kilikuwa kinapanga foleni bombani. Kisha akapata wazo la kubeba spika kwenye gari na kuwaita kuelekea mlimani kwa sauti ya Balozi: *twende*. Walikuja. Walikuja wote kwa kasi, Katibu mbele, wakalizunguka gari. Alinusa magurudumu. Alinusa spika. Alinusa vioo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta sura aijuayo kwenye madirisha ya basi. Twilumba na Kihwele walikaa ndani bila kupumua. Baadaye Katibu aligeuka akarudi kwenye bomba, na wengine wakamfuata, na siku hiyo yote Sikio halikuandika neno.

Kilichomvunja moyo Twilumba zaidi kilitokea siku chache baadaye. Mjumbe alizaliwa baada ya msiba. Bibi yake hakuwahi kumwona. Asubuhi hiyo Katibu hakuuliza *uko wapi*. Alimshika ndama kwa mkonga, akamsukuma taratibu mpaka mbele ya bomba, akatoa sauti mpya ambayo Sikio liliitambua kuwa ni jina la ndama. Akalirudia. Akanyamaza akingoja.

Bibi yeyote angelitaja jina lile. Lakini Balozi alikufa kabla jina halijakuwepo, na hakuna mashine iliyoweza kulitoa kwenye hifadhi. Ikajibu ilichoweza: *Nipo hapa.*

Katibu alisogea nyuma hatua moja. Akasimama hivyo kwa muda mrefu, masikio yamefunguka. Kisha akalitaja jina la ndama tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayemrudia mgonjwa aliyesahau. *Nipo hapa*, ikasema mashine.

Twilumba alizima kishikwambi akakiweka kifudifudi kwenye kiti cha gari.

Siku hiyo alimpigia Dokta Mgimwa, mkuu wa mradi, aliyekuwa Iringa mjini. Alimweleza yote, mpaka la ndama. Dokta hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anaelewa, na kwamba mvua hazikuwa mbali. Alisema tangu Vinywa vianze kuongea hakuna mtu aliyezikwa Ikombe kwa sababu ya tembo, wala tembo aliyepigwa risasi, na kwamba vijiji vingine vitatu vilikuwa vinangoja mabomba kama yale.

"Umewahi kubeba jeneza la mtu aliyekanyagwa na tembo, Twilumba?"

"Hapana, Dokta."

"Mimi nimebeba. Ni jepesi kuliko unavyotegemea. Usizime kitu. Nakuomba kama mzazi."

*

Asubuhi iliyofuata Mjumbe alichelewa kusimama. Katibu alimwinua kwa mguu wa mbele na mkonga, akasimama, akaanguka, akainuliwa tena. Kihwele alitazama kwa darubini, kisha akamkabidhi Twilumba darubini hiyo ingawa hakuiomba.

Waliketi kwenye kivuli cha gari. Twilumba alianza kusimulia kuhusu baba yake, na mwanzoni Kihwele alidhani anabadilisha mazungumzo.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma shangazi yake alipompigia simu. Baba amezidiwa kidogo, njoo umwone. Twilumba alipita sokoni akanunua zabibu, kwa kuwa baba yake alizipenda na nyumbani hazipatikani nzuri kama zile. Njia nzima alizipakata ili zisipondeke. Aliposhuka stendi ya Makambako, shangazi Eskalina alikuwa pale peke yake, kanga imekunjwa mkononi. Alichukua kwanza ule mfuko wa zabibu. Kisha akamfunga kanga kiunoni. Ndipo akamwambia.

"Nilimchukia wiki nzima," Twilumba alisema. "Baadaye nikaelewa. Kama wangeniambia kwenye simu ningesafiri vipi na habari ile peke yangu, katikati ya watu nisiowajua? Walinidanganya ili nifike."

Kihwele alitikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyo, alisema. Hata yeye alimpigia shemeji yake, mume wa Melania, aliyekuwa kwenye mashamba ya chai Mufindi. Alimwambia Melania amejikata na jembe. Mtu yule alikuja na dawa ya kidonda mfukoni.

"Ulimpokea wapi, kaka Festo?"

"Stendi. Nilikuwepo tangu alfajiri, nisipitwe na gari lake."

"Kama usingekwenda?"

Alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mtu anaachwaje stendi?"

Twilumba alielekeza macho kwenye bomba, ambako Katibu alikuwa amerudisha mkonga wake juu ya wavu.

Kihwele aliokota ganda la muwa, akalivunja vipande vidogo, akavipanga juu ya goti, akavipangusa.

"Mmoja wa hawa ndiye aliyemuua dada yangu," alisema mwishowe. "Sijui yupi. Niliwapa vyeo vya kijinga ili niweze kuwacheka, maana ukimcheka mtu humwogopi sana. Sikutaka kuwajua hivi." Akavuta pumzi. "Unataka kufanya nini?"

Alimwambia: kuzima Kinywa, na kuleta taya.

Tembo wakikuta mifupa ya mwenzao husimama. Kila mtu aliyekaa nao anajua hilo. Huishika, huigeuza, huinusa kwa muda mrefu, hata ya tembo aliyekufa miaka mingi iliyopita. Balozi alikuwa na kila haki ya kulala mahali ambapo watoto wake wangemkuta, na watu walimwondoa kabla hawajafika. Walifanya nusu ya kwanza ya desturi yao wenyewe, ile ya kuficha, wakaisahau nusu ya pili.

"Wakishajua kwamba amekufa hawatakuwa na mtu wa kuwageuza," Kihwele alisema. "Wanaweza kushuka moja kwa moja bondeni. Mama yangu ana maharage kule."

"Najua."

"Wanaweza kuua mtu."

"Najua, kaka."

Alisimama, akajipangusa vumbi. Alisema atazungumza na mwenyekiti wa kijiji leo hii, vinyungu vikae bila mtu na watoto wabaki ndani. "Lakini wakizifikia nyumba, mimi nitawasha baruti na wewe utawasha mdomo huo, na hatutaulizana."

Wakakubaliana. Twilumba alimwachia Dokta Mgimwa ujumbe wa sauti. Alimweleza atakachofanya na sababu yake, akasema kazi aipange upya bila yeye ikiwa itabidi, na akamwomba radhi kama mtoto anavyomwomba mzazi. Kisha akazima simu.

*

Taya la tembo ni zito. Walilibeba na dereva wa trekta, watu watatu, wakalilaza kwenye tela juu ya gunia. Lilikuwa limepauka kwa jua, meno yamesagika kabisa. Kihwele alilifunika kwa gunia la pili.

Waliliweka hatua chache kutoka kwenye bomba wakati kundi lilikuwa limesogea upande wa vichaka, kisha wakarudi nyuma mpaka kwenye gari. Twilumba alifungua mipangilio ya Kinywa cha Tatu. *Jibu lenyewe: Ndiyo.* Akabadilisha ikawa *Hapana*. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Kidole chake kilikaa hewani kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha akathibitisha.

Katibu alirudi na Mjumbe akiburuta miguu ubavuni mwake. Aliita kama kila siku. Mtetemo ukapanda kwenye soli za viatu. *Balozi. Balozi, uko wapi?*

Hakuna kilichojibu.

Alingoja. Twilumba alitambua kwamba anangoja kwa urefu ule ule ambao mashine ilizoea kuchukua kabla ya kusema, na ulipopita aliinua kichwa. Akaita tena. Akaweka mkonga kwenye wavu, akauondoa, akauweka. Aliita mara ya tatu, na safari hii mtetemo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba chupa ya maji ilitembea juu ya dashibodi.

"Washa," Kihwele alinong'ona. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mdogo wangu, washa, siwezi kumwangalia."

Twilumba alikuwa akilia na hakuwasha.

Upepo ukageuka. Mkonga wa Katibu ukapinda kama swali na kuelekea mahali palipowekwa taya. Alitembea polepole sana. Alipolifikia hakuligusa, aliushikilia mkonga karibu juu yake, kama mtu anayepima joto la chungu. Kisha akaingiza ncha ya mkonga kati ya meno.

Ndivyo tembo wanavyosalimiana. Anayekuja huweka mkonga wake kinywani mwa anayempenda. Ndivyo Katibu alivyomsalimia mama yake kila siku ya maisha yake, na alimsalimia hivyo hivyo sasa, akipapasa jino la nyuma lililokwisha, kisha la mbele, kisha la nyuma tena. Hakutoa sauti yoyote. Kutoka kwenye vichaka wengine walianza kuja bila kuitwa.

Walisimama mduara. Mmoja baada ya mwingine wakaweka mikonga yao mahali pale. Jua likapanda, likafika katikati, likaanza kushuka, na hakuna aliyekwenda kutafuta kivuli. Kihwele alikuwa amevua kofia. Hakuna mtu aliyemwambia avue.

*

Mjumbe alilala chini alasiri hiyo, kando ya taya la bibi yake, na hakuinuka.

Katibu alijaribu kwa mguu, kwa mkonga, kwa pembe. Dada zake walisaidia. Walimsimamisha mara moja, akasimama kama kitu kilichoegemezwa, akateleza. Baada ya hapo Katibu aliacha kumwinua. Alisimama juu yake na kuita jina lake.

Lile jina. Lile ambalo bibi hakuweza kulitaja.

Kishikwambi kilitetemeka magotini mwa Twilumba. Sikio lilikuwa likimsikiliza Mjumbe tangu alipozaliwa. Lilikuwa na kila mlio wake, wa njaa, wa kuogopa, wa kuitika. Na mashine ilikuwa imejengwa na watu wenye nia njema, waliofikiria kila kitu. Kwenye kioo yakajitokeza maandishi yaliyomngoja kwa adabu:

*Katibu anamwita Mjumbe. Mjumbe haitiki. Nijibu kwa sauti ya Mjumbe?*

Chini yake, vitufe viwili.

Aliviangalia. Katibu aliita tena. Ilikuwa rahisi sana. Mlio mmoja tu, ule wa kuitika, na yule mama angetulia hata kwa dakika. Shangazi Eskalina naye, alifikiri, alisimama stendi ile na kanga mkononi huku akijua kwamba kwa sekunde chache zaidi mtoto wake anaweza kuendelea kuamini kwamba kuna mtu nyumbani wa kula zabibu. Naye akazichukua zile zabibu.

Twilumba alibonyeza *Hapana*.

Kisha akaacha kishikwambi kwenye kiti, akafungua mlango wa gari, akashuka. Kihwele alimwita kwa sauti ya chini, akamwambia arudi, asifanye mchezo. Hakurudi. Hakukaribia pia. Alitembea mpaka mahali ambapo Katibu angeweza kumwona na kumnusa na kujua ni nani, akaketi kwenye majani makavu, miguu ameikunja pembeni kama wanawake wanavyoketi kwenye mkeka wa msiba. Hakuwa na kanga ya kumfunga. Hakuwa na neno la kumpa, maana katika yote yaliyokuwemo kwenye Sikio halikuwemo neno la pole.

Katibu aligeuza kichwa akamtazama. Masikio yalifunguka, yakabaki wazi, yakafungwa. Kisha akamgeukia mwanawe.

Baada ya muda majani yalilia nyuma yake. Kihwele alikuja na bunduki begani, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayejua anafanya upumbavu, akaketi pembeni yake. Walikaa hivyo mpaka vivuli vikawa virefu. Katibu alichuma matawi makavu na kuyaweka juu ya Mjumbe, kisha juu ya taya, na wenzake wakamsaidia. Udongo, matawi, udongo. Aliita jina la ndama mara moja zaidi. Hakungoja jibu.

Ndipo aliposogea kutoka pale.

Alikwenda kwanza upande wa bondeni. Kihwele alisimama wima, mkono kwenye mfuko wenye baruti. Katibu alifika ukingoni mwa vinyungu na kusimama, mkonga hewani, akinusa mahindi mabichi na maji ya mifereji, kundi zima nyuma yake likimngoja aamue. Aliingia. Alipita katikati ya maharage ya mama yake Kihwele, akakanyaga tuta baada ya tuta, akang'oa fungu moja la mabua ya mahindi. Kihwele alitoa baruti. Hakuiwasha. Nyumba zilikuwa bado mbali, milango imefungwa, na moshi wa jioni ulikuwa umeanza kutoka kwenye mapaa.

Katibu aligeuka taratibu. Mbele yake ulikuwa mlima, na njia ambayo alikuwa ameipita maisha yake yote akiutazama mkia wa mama yake.

Mtetemo ulipita ardhini. Twilumba aliusikia kwenye viganja alivyokuwa ameviegemeza chini. Alikimbia garini akakichukua kishikwambi, na Kihwele akaja akasoma juu ya bega lake, akihema.

Kulikuwa na neno moja tu, kwa kijani. *Twende.*

"Nani kasema?" Kihwele aliuliza. "Umeiwasha?"

Twilumba alitikisa kichwa kukataa, akamwonyesha kwa kidole jina lililoandikwa pembeni. Lilikuwa la Katibu. Na kule ukingoni mwa bonde, mmoja mmoja, wote waliobaki walikuwa wameanza kupanda nyuma yake.